Nilivyowanyamazisha wageni wa Sandton kwa fundi wa Kijapani, Rosettenville

Wakuu, habari za mchana. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Joburg. Sijaongeza chumvi, ilishatosha.

Nilimaliza digrii ya utalii Dar, nikaja kwa binamu yangu Bellevue nikiamini kazi inanisubiri. Haikunisubiri. Baada ya kuhangaika sana, dada Wanjiru, Mkenya mwenye kampuni ndogo ya kutembeza wageni, akanipa trial. Niongoze safari moja ya Jumamosi. Wageni wakirudi na furaha, kazi ni yangu. Wakinuna, kwaheri.

Safari yenyewe ilikuwa kuwapeleka watu wa benki wa Sandton, kule kwa matajiri, kwa Mzee Tanaka, fundi wa Kijapani anayetia vitambaa rangi ya nili kwa mikono. Karakana yake iko kwenye nyumba ya zamani Rosettenville.

Sasa mimi, nikiambiwa "njoo", huwa najiuliza nitangulize mguu gani. Wiki nzima nikaangalia video za adabu za Kijapani, mpaka nikajiridhisha kwamba fundi wa Kijapani akiwa kazini hasemeshwi.

Ndani ya gari nikawatangazia wageni masharti. Viatu nje. Kuinama mlangoni. Hakuna kuuliza, hakuna kucheka, na akikupa kitu cha kujikinga ukatae, usije ukaonekana unaionea kinyaa kazi yake.

Dereva wetu, kaka Papy wa Lubumbashi, akanitazama kwenye kioo tukiwa tumesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani. "Petit, tunaenda kuona nguo ao tunaenda kuzika?"

Wageni ndio waliomnyamazisha. Walishayapenda masharti. Mtu wa Sandton ukimpa raha analalamika. Mpe mateso yaliyotoka nchi ya mbali, atakushukuru.

Tukaingia. Wakainama. Mzee Tanaka naye akainama. Wakainama tena, naye tena. Ikabidi nikohoe ili yaishe.

Nili iliyochachishwa inanuka, wakuu, kama zizi lililonyeshewa. Bwana Otieno, meneja wa mikopo, akavuta pumzi ndefu, akaninong'oneza: "Unasikia hiyo harufu? Hiyo ni amani."

Mzee akafunua pipa, akakoroga, akasimama pembeni, mikono mbele. Nasi tukasimama.

Muda ukaenda.

Mama mmoja akafumba macho. Mwenzake akaanza kutokwa na machozi. Mimi kichwani: amekasirika? Ameona tundu kwenye soksi yangu? Au haya ndiyo mafunzo yenyewe?

Mwishowe Mzee akanisogelea, akaniambia taratibu kwa Kiingereza: "Samahani, kijana. Mkimaliza kusali mnijulishe. Nili ikikaa wazi inachoka."

Kusali!

Kumbe ng'ambo ya ukuta wake kuna kanisa la Wakongo. Kwa miaka aliyoishi nalo, alishajua kwamba ukikuta watu wamesimama, macho wamefumba na mmoja analia, huwakatizi. Yeye anatuheshimu, sisi tunamheshimu, na rangi inaharibika katikati.

Ningewaambia wageni ukweli, kazi ingekufa pale pale. Nikasema kwa sauti nzito: "Sasa tunaingia hatua ya pili."

Wakachovya vitambaa. Vikatoka kijani, vikageuka buluu hewani mbele ya macho yetu, na mabosi wakapiga kelele kama watoto. Mzee akamletea Otieno glovu. Otieno akainama, akakataa, akazamisha mikono hadi viwiko.

"Eish," alisema Mzee Tanaka.

Jumatatu dada Wanjiru akapiga simu. "Wewe kijana, Otieno ameenda kazini na mikono ya buluu!"

Nikaanza kuaga.

"Ngoja kwanza. Anaionyesha kila mtu. Anasema kitambaa ni kizuri, lakini kilichombadilisha ni pale mwanzo, pa kusimama. Benki nzima inataka kuja. Kazi umepata, na pale pa kusimama pasikose."

Nilitaka kumweleza ukweli, nikajikuta namuuliza mshahara.

Nilichojifunza: kabla hujampa mtu heshima, muulize anaitaka ya aina gani. Ningeuliza mapema, nili ya Mzee isingechoka.

Nyie wakuu mngemwambia dada Wanjiru, au mngekula kimya? Nipeni ushauri kabla ya Jumamosi hii, maana nimeshampelekea makundi mengine ya benki, na Mzee Tanaka sasa hafunui pipa mapema. Ananisubiri mlangoni na kuniuliza: "Hawa wa leo wanasali kwa muda gani?"