Natakiwa niwaambie wazazi kuwa chuo changu Urusi ni salama, na mimi mwenyewe naogopa kurudi

Admin, naomba unisitiri. Majina yote humu nimeyabadilisha.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tatu, nimezaliwa hapa hapa Dubai. Wazee wangu ni Waunguja, na baba ana duka la viungo Al Ras. Nasoma uhandisi wa umeme katika chuo cha ufundi huko kaskazini kabisa ya Urusi, nimebakiza mwaka mmoja nimalize. Nimekuja likizo na wiki ijayo natakiwa kurudi, lakini ndugu zangu, begi nimelifungua kitandani na mpaka sasa sijatia hata nguo moja.

Nilikwenda kwa mpango wa ushirikiano, chuo chao na chuo kimoja cha hapa vinabadilishana wanafunzi. Sitasema uongo, masomo ni mazuri mno. Mwalimu atarudia mpaka uelewe, na ukikosea unarudishwa ubaoni bila ya kuchekwa. Bwenini nilikaa chumba kimoja na Asa, kijana wa Mbeya, mcheshi, akitusongea ugali wa semolina na kunilazimisha niusifie.

Baridi iliyopita tulikuwa tunatoka maabara, mimi na yeye. Ilikuwa saa tisa mchana, lakini kule msimu ule saa tisa ni giza tupu. Kituo cha basi wakatutokea vijana walionyoa vichwa, wa yale makundi yanayochukia wageni, wamevaa mabuti. Hawakutuuliza kitu. Mimi nilisukumwa nikaangukia kwenye theluji, mmoja akanikanyaga mgongoni nisiinuke, na wengine wakamzunguka Asa. Niliyoyasikia sitayaandika. Walikimbia basi lilipofika. Asa alipona, lakini jicho moja halikupona.

Mkuu wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni, nitamwita Bi Irina, alikaa na sisi hospitali kama mzazi. Alituletea supu kutoka kwake, na koti ninalovaa kule kaninunulia yeye. Lakini ni yeye huyo huyo aliyetuomba tukiulizwa tuseme Asa aliteleza kwenye barafu. Asa akarudishwa kwao. Mimi nikabaki na kitanda kitupu mbele yangu, na tangu hapo nilikuwa siendi darasani mpaka nipate kundi la kujichomeka katikati yake.

Nyumbani sijamwambia mtu. Wafanyabiashara wa Kirusi wakiingia dukani, baba huniita kwa furaha, "Njoo uwasemeshe wenzako." Nikiisikia tu ile lugha najifanya natafuta kitu nyuma ya magunia ya iliki. Baba anadhani ni haya. Anawaambia majirani kuwa mwanawe ni injinia.

Wiki iliyopita Bi Irina alikuja Dubai. Mkataba wa vyuo unataka kuongezwa muda, na akaitisha kikao na wazazi katika hoteli moja Al Mankhool. Akaniomba niwe mkalimani. Kati ya wazazi alikuwepo Mama Njeri, Mkenya, muuguzi, mwenye binti mmoja tu wa miaka kumi na tisa anayetaka kusomea ujenzi wa madaraja. Wengine waliuliza vyeti na chakula. Yeye akasema, "Kijana, niulizie huyu madam. Msichana wangu akitoka class jioni, atafika kwa hosteli akiwa mzima?"

Nikatafsiri. Bi Irina akajibu kuwa mji ni mtulivu, na kwamba mimi niliyesimama pale ndimi ushahidi. Nikayatafsiri kama yalivyo. Mama Njeri hata hakumtazama.

"Hayo ni yake. Wewe mwenyewe unasemaje?"

Nikamwambia inshallah nitakuja kwako tuzungumze. Akasema sawa, hataamua chochote mpaka anisikie mimi.

Tulipokuwa kwenye lifti Bi Irina akaniambia taratibu, "Hawa wasipokuja, mpango unafungwa, na nafasi yako inakwenda pamoja nao. Nakulindeni ninavyoweza." Hakuwa ananitisha. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikajua kuwa na yeye anaogopa, na hilo ndilo lililonivunja kabisa.

Jana nikaenda nyumbani kwa Mama Njeri, Discovery Gardens. Nimemkuta Njeri amevaa koti la baridi, AC imefunguliwa mpaka mwisho eti anajizoesha baridi ya Urusi, anacheka, anataka nimfundishe kusema habari ya asubuhi kwa Kirusi. Nikamfundisha. Ghafla akaniuliza, "Wewe ulipofika huko mara ya kwanza, uliogopa?"

Nikasema niliogopa. Mama yake akaweka kikombe chini.

"Uliogopa nini?"

Ikaadhiniwa magharibi. Nikasema nakwenda kusali, nikatoka na sikurudi. Tangu hapo ananipigia simu na mimi sipokei.

Leo asubuhi nikampigia Asa Mbeya. Nilitaka idhini yake kwanza, maana jicho ni lake, si langu. Nilidhani atasema wazuie wote, asiende mtu.

"Mwambie huyo mama kila kitu, usimfiche hata kidogo," akasema. "Halafu mwambie kwamba mimi wakinipokea, hata kwa jicho hili moja, narudi kesho kumalizia." Kisha akaniuliza kama mwalimu wetu wa hisabati, aliyekuwa akimpenda sana, bado anamtaja. Nililia, wallahi.

Nikisema, mpango unaweza kufa, mwaka wangu unapotea, Njeri anakosa madaraja yake, na baba atayajua yote kwa mara moja. Nikinyamaza, binti wa watu atapanda ndege moja na mimi, na mimi ndiye nitakayetembea naye kutoka kituo kile cha basi katika giza la mchana. Nitamlinda vipi, na mwenyewe sikuweza hata kuinuka?

Hapa ninapoandika Mama Njeri anapiga tena. Wazazi wangu, kaka na dada zangu mnaosoma huku, niambieni: nikiipokea simu hii, nimwambie nini?