Besi ya Kwenye Simu

Mwenzangu wa chumbani alikuwa amebakiza miezi minane mkataba wake uishe, arudi Kakamega moja kwa moja. Katika miezi hiyo tulitaka jambo moja tu: kupiga sonata moja ya fidla na kinanda pamoja, japo mara moja, kutoka mwanzo hadi mwisho. Sote tulikuwa walinzi katika jiji moja la Waarabu. Mimi nilikuwa na fidla niliyofundishwa kanisani Nakuru. Yeye alikuwa na kinanda cha mtumba alichokipata mtaa wa Naif, vibao viwili havilii.

Sonata yenyewe ilitungwa Italia, yapata miaka mia tatu iliyopita, na watunzi wa enzi hizo walikuwa wachoyo wa wino. Juu wameandika mstari wa fidla, chini mstari wa besi, ile sauti nzito, na chini ya besi tarakimu ndogondogo. Basi. Tarakimu zinamwonyesha mpiga kinanda sauti za kupanga juu ya besi. Yaliyobaki ayatoe kichwani. Hata fidla, kwenye sehemu ya polepole, imeandikiwa mifupa mitupu. Nyama utie mwenyewe kwa madoido yako, na mwenye kinanda akungoje umalize ndipo mwendelee. Ni muziki wa watu wawili wanaosikilizana. Mimi nina hasira za karibu, sisikilizi watu ovyo, lakini huo niliupenda.

Taabu ni kwamba yeye alikuwa shifti ya usiku, mimi ya mchana. Basi lililonishusha Qusais, tulikolala, jioni ndilo lililomchukua. Tulisalimiana mlangoni pa basi, yeye shati limepigwa pasi, mimi nanuka jasho la geti nililolinda Al Warqa. Kila mwezi nilimwomba msimamizi atupe ofu, mapumziko, sote wawili siku ileile. "Inshallah, next month," alijibu bila kuinua macho, na mwezi uliofuata ukaja na inshallah yake.

Ndipo tukajiona wajanja. Alirekodi besi yake kwenye simu akanitumia. Kila jioni, wenzetu wakipika, nilitia kisikilizi kimoja sikioni nikapiga naye. Mganda wa kitanda cha juu aliuliza kama kuna paka amebanwa na mlango. Mwanzoni rekodi iliniacha nyuma kila nilipotia madoido, kwa hiyo niliyapunguza. Baada ya miezi sita sikuachwa popote, na nilijisifu.

Ofu ya pamoja tuliipata Ijumaa ya mwisho kabla hajaondoka. Baada ya ibada, maana huko kanisani tulikwenda Ijumaa, tuliazima darasa la watoto nyuma ya kanisa. Sehemu ya kwanza ilikwenda. Katika ile ya polepole, alifika mahali pa madoido akasimama, vidole juu ya vibao, akinitazama. Mimi nilipita kwa mwendo wa simu, nikaingia mstari wa pili peke yangu. Alinikimbilia, akanikosa. Tulianza upya, nikampita palepale. Mara ya tatu pia. Mazoea yana taabu.

"Bro, nilikuwa nakungoja," alisema.

"Najua. Nimejua nikiwa nimeshapita."

"Ni hizi simu, bana. Tutairudia tu."

Tungeirudia wapi? Walimu wa watoto walikuwa wamesimama mlangoni wakitaka darasa lao. Niliona aibu, hasa kwa sababu hakunilaumu.

Aliondoka Jumanne nikiwa kazini. Niliporudi, kitandani pake palikuwa na begi la mtu mwingine. Nilitia kisikilizi nikapiga sonata yote na rekodi yake. Pale pa madoido hakuningoja, nami sikumhitaji aningoje. Tulifika mwisho pamoja bila kosa hata moja.

Mganda akachungulia kutoka juu. "Leo umepiga vizuri, ssebo."

Nikamshukuru. Kisha nikafunga sanduku la fidla, na mpaka namaliza mkataba wangu sikulifungua tena.