Unga Mwekundu Kwenye Propela

Mwanangu, naikumbuka Ijumaa moja nilipokuwa fundi kijana pale Kabati, nikijifunza kazi kwa Mzee Bakari. Yeye alikuwa Mwislamu, mimi mtoto wa kanisa, na hatukuwahi kugombana juu ya dini. Tuligombana juu ya grisi tu. Namshukuru Mungu kwa kunipa mwalimu yule. Adhuhuri hiyo alikwenda msikitini, akaniachia gereji.

Haukupita muda, mzee mmoja, Mutiso, akaleta pikapu yake kutoka Kanyangi. Alisema nyuma inagonga "kong!" kila anapoingiza gia, na tena akiachilia pedali ya mafuta. Kesho yake asubuhi alikuwa awabebe akina mama wa kanisa letu mpaka Kilungu kwenye mazishi, na mama yangu alikuwa mmoja wao. Milima ya Kilungu unaijua: barabara nyembamba, bonde liko pale pale pembeni.

Nilijiona fundi kamili. Nikaingia chini ya gari, nikakuta nati za springi zimelegea, nikazikaza. Kisha kwenye kiungo cha propela, ule mti wa chuma unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, nikaona unga mwekundu. Nikasema moyoni, huu ni udongo wa Kanyangi. Nikaupangusa kwa kitambaa ili gari lionekane safi.

Mutiso akazunguka soko, akarudi. "Kijana, bado inagonga."

"Hiyo ni umri, mzee. Hata wewe magoti si hulia ukiinama?"

Alicheka, akaenda zake.

Mzee Bakari aliporudi nikamsimulia yote, pamoja na utani wangu. Hakucheka. "Leta hicho kitambaa," akasema. Alichukua unga kidogo, akauweka kiganjani, akaudondoshea maji na kuusugua kwa kidole.

"Udongo wa kwenu ukipata maji unakuwa tope. Sasa tazama huu."

Haukuwa tope. Ulibaki chengachenga, na kiganja kikashika doa la kutu.

"Hiki ni chuma kinajisaga, Musyoka. Gari lilikuwa linakuambia linaumwa wapi, wewe ukalipangusa mdomo."

Nikamsihi aende yeye akamwite Mutiso, aseme tu kwamba anataka kulikagua gari mara ya pili.

"Niseme uongo hata vumbi la msikitini halijanitoka magotini? Nenda wewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa atakayekufa si wewe uliyeficha. Ni mama yako."

Nilimkuta Mutiso sokoni, akina mama wameshaanza kupakia sufuria za safari. Nikasimama mbele yao wote. "Mzee, nimekosea. Usiende na hiyo gari."

"Ati nini? Si ulisema ni magoti?"

Wakaangua kicheko. "Huyu ni fundi wa magoti!" akasema mmoja. Mama yangu alipanda nyuma ya pikapu, akaanza kushusha sufuria.

Mutiso akalirudisha gari gerejini, tukaweka mawe kwenye magurudumu, tukalitoa kwenye gia. Mzee Bakari akaniambia nishike propela pande zote mbili za kile kiungo, mkono mmoja uzungushe huku, mwingine kule. Kikacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Tulipokifungua, vyuma vyake vidogo kama sindano vilikuwa vimesagika. Tukafunga kipya kabla ya magharibi. Jumamosi akina mama walikwenda Kilungu, wakazika, wakarudi salama.

Leo, mwanangu, unafungua simu na fundi wa nchi ya mbali anakufundisha. Ni jambo jema, hata mimi hutazama. Lakini simu haiwezi kupima kwa kidole. Gari likigonga nyuma, muulize kwanza mwenye kuliendesha: linagonga lini? Likigonga kwenye mashimo, anza na springi. Likigonga unapoingiza gia au unapoachilia mafuta, shika propela kwa mikono yako kabla ya kuilaumu difu, lile bonge la gia kati ya magurudumu ya nyuma, na kuifungua bure kwa pesa ya mwenye gari. Wala usipanguse kitu ambacho hujakitazama. Dalili ya mvua ni mawingu, na mwenye kufuta mawingu kwa kitambaa atalowa tu.

Na ukikosea, kwa maana utakosea, usimtume mtu. Nenda mwenyewe, siku hiyo hiyo, gari likiwa bado liko tambarare. Aibu ya sokoni niliionja, nami nakuambia hupoa kabla ya chai.

Mungu akupe sikio la kumsikiliza mwenye gari na ulimi mwepesi wa kusema nimekosea. Aibariki mikono yako, na kila atakayepanda gari lililopita mikononi mwako afike kwake salama. Amina.