Akiba ya Mshono

Fundi alivaa tepu ya kupimia shingoni kama wengine wanavyovaa rozari, na hapo sitii chumvi. Alfajiri moja aliingia nayo kanisani, akapokea komunyo nayo, akatoka nayo. Nilipomwonyesha pale mlangoni akaishika, akasema, "Afadhali. Ningeiacha nyumbani ningejiona niko uchi."

Chumba chake cha kushonea kilikuwa nyuma ya ukuta wa kanisa, chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, seremala. Kulikuwa na cherehani ya kukanyaga, meza ndefu ya kukatia, pasi ya mkaa, kioo chenye ufa pembeni, na pazia la kona ambalo watu walivulia nguo nyuma yake. Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta. Kila alasiri nilichukua mboga zangu za kuchambua, nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango, nikaongea. Yeye alishona. Jumuiya nzima inaniita Redio, na sikatai, maana mdomo wangu haujawahi kuwa na kitasa. Kwa nini mwanamke asiyesema alinivumilia miaka ishirini na sita, sijui. Labda sauti ya cherehani peke yake haikumtosha.

Alishona kila kitu cha parokia: vitambaa vya altare, sare za kwaya, kanzu za watumishi wa altare ambao hurefuka kila ukigeuza shingo, na nguo za mapadri wanne waliopita kwetu. Vipimo vyote aliandika kwenye daftari lenye jalada gumu, na daftari lilikaa kwenye droo yenye ufunguo. Alijua nani ana mimba kabla mama mkwe hajanusa. Alijua mzee gani wa kanisa anafunga Kwaresima kwa mdomo tu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri zetu sisi aliijua tepu ile. Nilimchimba miaka yote na sikupata hata neno la kupozea moyo.

"Vipimo vya mtu ni kama maungamo, Redio," aliniambia. "Havitoki humu ndani."

Padri wetu wa wakati huo aliposikia maneno hayo alicheka sana. "Basi Fundi, mimi na wewe tuna kazi moja. Tofauti ni kwamba wewe hutoi kitubio."

"Na huo mwezi mzima wanaosubiri nguo zao ni nini?" Fundi akamjibu, sindano mdomoni.

Jambo moja zaidi niseme juu ya ushonaji wake, maana ndilo lililobaki. Ndani ya kila mshono aliacha kitambaa cha vidole viwili, hata kwa mtu aliyelia kwamba kitambaa hakitoshi. Mafundi wenzake wa barabarani walimcheka kwamba anashona nguo za watu wawili. Yeye akasema mtu habaki vile vile, na nguo haina budi kumsubiri. Kitambaa hicho alikiita akiba.

Sasa, kiangazi. Shule zikifungwa, parokia yetu haikai kitako. Vijana wanapaka rangi mabenchi, kina mama tunashusha mapazia ya kanisa na kuyafua, watoto wa komunyo ya kwanza wanafundishwa kila asubuhi ukumbini mpaka sauti ya katekista inakauka. Jua linawaka hadi bati la ukumbi linalia. Na kila mwaka Padri wetu alikuwa katikati ya yote hayo, ndoo mkononi, kanzu yake ya kijivu imepandishwa mpaka magotini, akitania kila mtu. Alikuwa mwanaume mwenye mwili, mwenye kicheko kinachofika kabla yake. Watoto walimpenda kuliko likizo yenyewe.

Kiangazi hicho, wiki ya kwanza, alikuja na kanzu ile mkononi. Mimi nilikuwepo, kwenye kigoda changu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na amina," tukaitika.

"Fundi, nipunguzie kidogo hii. Jua la mwaka huu linanikausha."

Akaingia nyuma ya pazia, akapimwa, wakaongea chini chini, akatoka. Nami kwa kipaji nilichopewa na Mungu nikamwambia, "Padri, umependeza! Umerudi ujana!" Akacheka. Baada ya wiki mbili akaja tena. Baada ya nyingine mbili, tena. Na kila Jumapili mimi nilimwangalia akisalimia watu getini, kanzu imemkaa sawasawa kifuani na mabegani, nikawaambia walioketi karibu nami kwamba padri wetu anazidi kunawiri. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwenye ukweli, nachambua mboga.

Kilichosemwa nyuma ya pazia nilikijua baadaye kwa kinywa cha Padri mwenyewe. Mara ya kwanza tepu ilipungua vidole vitatu. Mara ya pili vidole vitano. Mara ya tatu Fundi alipima mara mbili, akidhani amekosea, kisha akaandika kwenye daftari. Padri alikuwa hali chakula, na kidogo alichokula hakikukaa tumboni. Usiku shuka lilikuwa likilowa jasho. Akamwomba Fundi amwekee sponji mabegani na kitambaa kizito kifuani.

"Shona isionekane," akamwambia.

Na Fundi akashona isionekane. Hakuna aliyeweza kazi hiyo kama yeye.

Wiki ya komunyo ya kwanza Padri akaja mara ya nne. Safari hii Fundi alinituma kwenda kununua uzi ambao, nilikuja kuuona baadaye, alikuwa nao droo nzima. Nilipokwisha kutoka akamwambia Padri jambo ambalo mimi, jirani yake, sikuwahi kulisikia.

"Marehemu mume wangu nilimpunguzia suruali tatu kiangazi kimoja," alisema. "Tatu, Padri. Nilikata, nikashona, nikapiga pasi, akavaa, akaenda kazini amependeza. Nilipouliza swali la kwanza, ilikuwa suruali ya nne, na hiyo alizikwa nayo. Nenda hospitali."

"Nitakwenda. Watoto wapokee kwanza."

"Watoto yupo askofu wa kuwatumia padri mwingine."

Padri akakaa kwenye kigoda changu. Akasema kweli, maana alikuwa mtu wa kweli hata kwenye kosa lake. "Naogopa, Fundi. Kaka yangu aliingia hospitali kwa miguu yake, akatoka amebebwa. Nikiingia, sitoki. Niache nimalize na hawa watoto." Kisha akaona jinsi Fundi anavyomwangalia, akaongeza, "Na usiseme kwa mtu. Vipimo ni maungamo. Wewe ndiye uliyesema."

Fundi akapokea kanzu. Mimi nilirudi na uzi wangu, nikamkuta ameishika mapajani, hashoni. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana. Halafu akanigeukia, jambo ambalo si kawaida yake.

"Redio, ungejua jambo la mtu, jambo zito, ungelisema baada ya siku ngapi?"

"Siku?" nikasema. "Kabla chai haijapoa!"

Nilicheka mwenyewe. Yeye akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu.

Siku tatu alifunga mlango. Jumamosi mchana akapeleka kanzu nyumba ya mapadri, imekunjwa vizuri ndani ya gazeti.

Jumapili tulikuwa getini wote. Watoto mavazi meupe, mishumaa mikononi, wazazi wakiwafuta vumbi viatuni. Ni desturi ya Padri wetu kutoka na kanzu yake kabla ya misa kuwasalimia watoto mmoja mmoja, ndipo aingie kuvaa ya misa. Kengele ikapigwa. Mlango wa sakristia ukafunguliwa.

Kanzu ilikuwa ya kijivu ile ile, lakini Fundi alikuwa amefumua yote. Mikunjo yote mitatu, sponji, kitambaa cha kifuani, kila kitu. Alikuwa ameirudisha kwenye kipimo cha mtu aliyekuwepo mwanzo wa kiangazi, akaipiga pasi mpaka pasi ikachoka. Ndani yake mlikuwa na mtu mwembamba ambaye hatukuwahi kumwona. Mabega ya kanzu yalikuwa yameshuka karibu na viwiko. Kola ilisimama mbali na shingo, na shingo yenyewe, Mungu nisamehe, ilikuwa mishipa mitupu.

Mtoto mmoja wa kike akamvuta mama yake nguo, akauliza kwa sauti, "Huyu ni Padri?"

Nesi wa zahanati, ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa wale watoto, akatoka kwenye mstari. Akamfikia, akamshika mkono kama anamsalimia, lakini mimi niliona vidole vyake viko kwenye mshipa. "Padri, umepungua kilo ngapi?"

Macho ya Padri yalikuwa yanapita juu ya vichwa vyetu, yanamtafuta mtu. Fundi alikuwa amesimama nyuma kabisa karibu na bomba la maji, tepu shingoni. Wakatazamana. Nilitazama uso wa Padri, na ulikuwa uso wa mtu aliyeibiwa.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nesi alisema taratibu, kwa ajili yake peke yake, ila mimi nina masikio. "Misa, sawa. Baada ya misa, gari langu."

Akaadhimisha misa. Watoto wote wakapokea. Mchana ule ule akapelekwa hospitali kubwa, wakamkuta na uvimbe tumboni, wakamfanyia upasuaji Alhamisi.

Ungedhani parokia ingemshukuru Fundi. Ehe. Baadhi walimshukuru. Lakini habari ilipoenea kwamba alijua tangu mwanzo, wengine waliuliza kwa nini alinyamaza, na wengine, hao hao wakati mwingine, waliuliza kwa nini alimwaibisha padri mbele ya watoto. Katekista akajiona mjuzi, akasema ukumbini, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nilimjibu jibu ambalo sitaliandika hapa.

Fundi hakumjibu mtu. Alikwenda kwa katekista akamrudishia ufunguo wa kabati la vitambaa vya altare. "Nimevunja neno langu," alisema. Akarudi kwake, akaitoa tepu shingoni, akaitia kwenye droo pamoja na daftari. Wateja wa mtaani aliendelea kuwashonea, akiwapima na kuirudisha tepu drooni. Vya kanisa hakuvigusa tena. Pindo la kitambaa cha altare likafumuka upande wa kushoto, na kila Jumapili nililiona likining'inia, likanichoma. Mapazia tuliyafua bila yeye mwaka ule, na tukayatundika kichwa chini.

Nilimuuliza siku moja kama anajuta. Alikanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono ndipo akajibu.

"Najuta kwamba sikuwa wewe," akasema. "Ungesema kabla chai haijapoa, na angepata matibabu miezi miwili kabla."

Nimeambiwa mambo mengi juu ya mdomo wangu maishani, lakini hilo lilinitoa machozi mbele ya mboga zangu. Kisha akasema kilichomuuma zaidi. Padri alikuwa amerudi nyumba ya mapadri tangu wiki nyingi, na hakuwa amepita. Alipita kwa wagonjwa, alipita kwa katekista, alipita hata kwangu akanywa chai. Mlango wa Fundi aliuruka.

Sisi kina mama tukajipangia zamu za kumpikia Padri, nyumba moja siku moja, na kila nyumba ilitaka kuishinda nyingine. Mwaka ukazunguka hivyo. Shule zikafungwa tena, jua likaanza kuliza bati la ukumbi. Alasiri moja nilikuwa kwenye kigoda changu, kivuli kikaingia mlangoni.

"Tumsifu Yesu Kristo."

Mimi niliitika. Fundi alikuwa ameinama kwenye cherehani na hakuinuka.

Padri akaweka furushi juu ya meza ya kukatia. Ilikuwa ile kanzu ya kijivu. "Fundi," akasema, "inanibana."

Kweli alikuwa amenenepa kuliko alivyokuwa mwanzo. Hizo zamu zetu si mchezo.

Fundi bado hakuinuka. "Ulinikasirikia," alimwambia.

"Sana. Nilikasirika kwa sababu asubuhi ile, kabla sijatoka, nilijiangalia kwenye kioo cha sakristia. Nikamwona mtu uliyekuwa unamwona wewe peke yako wiki zote zile." Akaisogeza kanzu mezani. "Ningeweza kuivua kanzu nikabaki na shati. Nikatoka hivyo hivyo. Nikakuchukia wewe kwa kazi ambayo nusu yake niliimalizia mwenyewe. Nisamehe."

Fundi akainuka. Akafungua droo kwa ufunguo, akatoa tepu, akaivaa shingoni, na nikaona mabega yake yakishuka kama mtu aliyetua ndoo. Akampima mbele yangu, bila pazia, akaandika kwenye daftari. Halafu akapindua kanzu, akachukua wembe, akafungua mshono wa ubavuni. Mle ndani mlikuwa na vidole viwili vya kitambaa ambavyo jua halikuvifikia, rangi ya kijivu iliyokolea, mpya kabisa, kando ya kijivu kilichopauka cha miaka yote.

"Akiba ipo," alisema. "Lakini nikiipanua, huu utakuwa mstari, Padri. Hapa na hapa, toka kwapani mpaka chini. Utaonekana."

Padri akaweka kidole juu ya kile kitambaa kipya.

"Acha uonekane," akasema.