Mkia wa Ndege na Mahindi ya Mama Mkwe

Naona haya hata kuisimulia hii, lakini kwa kuwa mke wangu huitoa kila tukipata wageni, tena anaongeza chumvi, afadhali niseme mwenyewe.

Mimi nafundisha fizikia Handeni. Likizo ile tulikwenda Mnyuzi kwa wakwe zangu, mara yangu ya kwanza kulala pale, na nilitaka sana nionekane mtu wa maana. Mahindi ya mama mkwe, chakula chao cha mwaka mzima, yalikuwa yameanikwa kwenye maturubai uani. Alasiri nikamwona anashika debe ayaanue, na wakati huohuo ndege ikapita juu kabisa, ikaacha mkia mweupe mfupi uliofutika upesi. Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Nikasema, mbele yake na majirani wawili waliokuja kumsaidia kupukuchua (nani aliniuliza?), kwamba ule si moshi, ni mvuke wa injini unaoganda kuwa chembe za barafu kwa baridi ya huko juu, na hewa ikiwa na unyevu mstari hukaa na kutanuka, ikiwa kavu hutoweka, kwa hiyo leo hakuna mvua, yaacheni yapate jua. Mama mkwe akatazama upande wa Bungu, kule milimani, akanitazama mimi, akaweka debe chini. Majirani wakaenda kuyatandaza na yao. Mimi nikaingia ndani kulala, nimeridhika kweli.

Niliamshwa na mvua kwenye bati. Nikatoka mbio, nikakanyaga turubai lililolowa, nikaserereka na mahindi mpaka miguuni pa mama mkwe, matope hadi masikioni, na majirani wanapita mbio na ndoo kwenda kuokoa yao. Nilichosahau, mwalimu mzima, ni kwamba ndege inapita kilomita kama kumi juu, na mvua yetu inatoka kwenye mawingu ya chini yanayoteremka milimani. Ukavu wa kule juu unayahusu nini?

Tukiwa tunazoa mahindi yaliyolowa nikamwomba radhi. Akajibu taratibu, bila kuniangalia usoni.

“Lile wingu nililiona mapema, baba. Sasa mkwe ameshasema mbele za watu, mimi nimkatalie?”

Nilitamani anigombeze tu. Mahindi ya magunia mawili yaliota, na hakuna aliyenilaumu, ndicho kinachoniudhi mpaka leo.

Siku hizi ndege ipite na mkia wa urefu wowote, mimi naangalia mkono wa mama mkwe. Akigusa debe, nakunja turubai, na mdomo nimeufunga.