Maksai wa Pili

Juzi asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya tiketi, stendi ya Sumbawanga, nyuma ya mzee na mkewe waliotoka Mwimbi. Mama alikuwa na bahasha kubwa ya picha za hospitali. Alikuwa anakwenda Dar es Salaam kuanza matibabu ya saratani ya titi.

"Shikamooni. Tiketi ngapi?" akauliza binti wa dirishani.

"Mbili," akasema mzee.

"Moja!" akasema mama, huku akiurudisha nyuma mkono wa mumewe wenye pesa. Akatugeukia wa foleni kama vile sisi ndio baraza la kata. "Huyu aliuza maksai mmoja kwa ajili ya vipimo. Jana kauza na wa pili, eti anisindikize. Mdogo wangu yuko kule, atanipokea. Sasa nikirudi nimepona, plau litavutwa na nani?"

"Nitalivuta mimi," mzee akajibu. "Wewe utashika fimbo nyuma, unigombeze. Si ndiyo kazi yako miaka yote?"

Foleni nzima ikacheka. Mama akajitahidi kununa, akashindwa, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akauachia ule mkono.

"Haya, mbili," akamwambia binti. "Lakini dirishani nakaa mimi. Mgonjwa ni mimi."

Wakaondoka wakibishania nani abebe bahasha. Wataalamu husema saratani ikiwahiwa inatibika, nami naamini. Ila kwetu Ufipa kuwahi kwenyewe huanzia zizini, na si kila zizi lina maksai wawili.