Neno Nililomwachia Mama Odeta

Siku ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara alinipa jembe dogo na bahasha za karatasi. "Bon," alisema, "mutu anaweza kukudanganya. Muzizi hapana."

Kazi ilikuwa kuotesha lengalenga, yaani mchicha, kwenye ndoo zenye udongo uliotiwa metali nzito, zile zinazobaki ardhini miaka na miaka. Ndoo ya zinki peke yake, mmea ulivumilia. Ya kadimi kidogo, nao ulivumilia. Tulipochanganya vipimo vilevile, mizizi ikadumaa na kuwa myeusi nchani, huku majani yakiendelea kupendeza. Ndipo nilipojua kwamba kupima metali moja moja, kama nilivyozoea, kulikuwa nusu ya kazi.

Shamba la Mama Odeta huko Kanama lilinyweshwa na kijito kilichopita palipooshwa madini. Kila metali, ikipimwa peke yake, ilikuwa chini ya kikomo cha usalama. Nikaotesha mboga kwenye udongo wake: mizizi ileile myeusi, na kadimi imepanda majanini. Nikakimbilia shambani kwake, majirani wakipalilia, nikasema kwa sauti, "Mama, mboga zako zina sumu!"

Mjinga mimi. Maabarani, sumu ni kipimo. Kwetu sumu ni kitu ambacho mtu anamtilia mwenzake kwenye kikombe.

Wiki haikuisha, wanawake wa soko la mpakani la Petite Barrière wakaacha kununua kwake. Kanisani benchi lake likabaki na nafasi. Akaja ofisini.

"Agoronome," akaniita kwa cheo changu cha mtaalamu wa kilimo, "mi nalima tu. Juu ya nini umeniita murozi?"

Murozi, yaani mtilia watu sumu. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama.

"Donc, we ulisema, we utaenda kusema tena," Mkuu aliniambia.

Nikabeba ndoo tatu hadi sokoni, nikang'oa mimea mbele ya watu: ya zinki, ya kadimi, ya zote mbili. "Ni udongo, si mkono wa Mama Odeta!" Wengine walielewa. Wengine waliitikia kwa kichwa, wakaenda kununua kwingine.

Sasa nimestaafu. Ninyi vijana mna mashine nzuri. Pimeni metali zikiwa pamoja, kisha fikirini neno la kumpelekea mwenye shamba. Mimi sikufikiri, na bado linaniuma.

Mama Odeta alikodi shamba Nyundo, udongo wake nikaupima mwenyewe, ni safi. Juzi nilikwenda kununua mboga kwake. Kabla ya kumuuzia mtu, huchuma jani moja akalitafuna mbele yake, kama mwenye pombe anavyoionja kwanza mbele ya mgeni kuonyesha haina sumu. Zamu yangu ilipofika, tulisalimiana vizuri. Kisha akachuma jani, akatafuna, akameza, akaniuliza nataka mafungu mangapi.